Fundisho: Kunoa Akili za Wazee kwa Kukutana Pamoja

Fundisho la mwezi huu lahusu wazee wetu wa Njombe na Makambako.

Mzee akiuliza neno lile lile mara kwa mara, au akipotea katika njia aliyoizoea tangu ujana, wengi husema, "Ndio uzee." Wengine, vibaya zaidi, husema amerogwa, au ni mchawi. Kisha hukalishwa ndani, wala hapana amsemeshaye. Yatupasa kujua ya kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, ulionyesha ya kuwa katika wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi wanao.

Mambo yaliyojaribiwa

Kwa walio wagonjwa, iko njia iliyojaribiwa Uingereza na habari zake kutolewa mwaka 2003. Watu wachache hukutana mara mbili kwa juma, muda wa majuma 7, yaani mikutano 14. Njia hiyo ilifanywa Hai pia kwa wagonjwa 34, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Kwa kuwa wengi hawakusoma sana, na wengine macho na masikio yao ni hafifu, mazoezi yaligeuzwa yapatane na maisha yao. Akili zao zilipata nafuu, na wasiwasi ukapungua.

Kwa walio wazima, wazee 2,802 wa Marekani waliandikwa kuanzia mwaka 1998, na wengi wao wakafundishwa katika vikundi mara 10. Habari za mwaka 2014 zaonyesha ya kwamba baada ya miaka 10, waliozoezwa kufikiri, na waliozoezwa wepesi wa kutambua, walikuwa na faida bado. Bali waliozoezwa kukumbuka, faida yao ya kukumbuka ilikuwa imekwisha. Basi tusiwakaririshe wazee maneno tu. Tuwape mambo ya kufikiri.

Jinsi ya kufanya

1. Waketi kwa duara, watu 5 hadi 8, muda wa dakika 45 hivi.

2. Usiulize, "Wakumbuka?" Asiyekumbuka ataona haya na kunyamaza. Uliza, "Waonaje?" Kwa mfano, wazee wa Makambako waulizwe reli ya TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975, ilibadili nini katika mji wao.

3. Asiyeona vema apewe mbegu mkononi, mahindi, maharage, ulezi, azitambue kwa kuzipapasa na kuzitaja kwa Kibena. Asiyesikia vema aketi karibu na msemaji.

4. Pawe na vitendawili, bao, na nyimbo. Akikosea mtu, asichekwe.

Mambo ya kuangalia

Mazoezi haya si dawa ya kuuondoa ugonjwa, wala si kinga kamili. Mwaka 2024 wataalamu wa nchi mbalimbali walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, nao walikadiria ya kuwa karibu nusu ya ugonjwa huu ingeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa kama yangeondolewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uziwi, tumbaku, pombe nyingi, na upweke. Kwa hiyo apimwe damu, na ulanzi upunguzwe. Tena, mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, katika siku moja au mbili, msingoje kikundi: mpelekeni hospitali upesi, kama Ilembula au iliyo karibu, maana huenda ni homa au maradhi mengine yenye dawa.

Wazee wetu husema, "Penye wazee haliharibiki neno." Lakini mzee aliyefungiwa ndani atatengenezaje neno?

Maswali ya kuzungumza

1. Ni nani katika mtaa wetu ambaye hatukumwona tangu mwezi uliopita, na kwa sababu gani?
2. Mtu akimwita mzee msahaulifu mchawi, tutamjibu nini?
3. Kikundi chetu kitakutana wapi, na nani atawaleta wasioweza kutembea?