Somo: Kumhudumia Mgonjwa Aliyejeruhiwa Moyoni

Mgonjwa akishtuka anapoguswa, au akikataa kupimwa, wengi husema ni mkaidi. Huenda alibakwa, alipigwa au alikimbia vita, na mwili wake bado unakumbuka.

Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, imeonyesha kwamba upasuaji peke yake hautoshi. Mama aliyebakwa anahitaji pia ushauri nasaha, msaada wa kisheria na njia ya kujipatia riziki. Lakini wengi huanzia zahanati ya kijijini. Kwa hiyo wauguzi na matabibu wa zahanati wafundishwe haya:

1. Zungumza naye faraghani, na utunze siri yake.
2. Eleza utakachofanya, omba ruhusa kabla ya kumgusa. Akisema "basi", acha.
3. Msikilize bila kumlazimisha asimulie yote.
4. Aliyebakwa aanzishiwe dawa za kuzuia VVU mapema, kabla ya saa 72 kupita.

Swali kwa kamati: Je, zahanati yetu ina chumba ambacho maneno ya mgonjwa hayasikiki kwenye benchi la nje?