Herufi Moja Tu! Jifunze Kuandika Meseji Bila Kukosea

Mwaka jana nilikwenda Masama kumsalimia bibi. Siku hiyo alikuwa ametoka zahanati, na muuguzi alimwambia aache dawa yake ya zamani, aanze mpya. Mimi nilikuwa naondoka. Dada yangu ndiye angekuja kutoka Moshi kulala naye. Nikiwa kwenye daladala, barabara yenyewe mashimo matupu, nikamwandikia dada: "Bibi atakunywa ile dawa ya zamani." Nikatuma.

Umeliona kosa? Nilitaka kuandika "hatakunywa". Herufi h haikuingia. Bahati nzuri dada alishangaa kuona dawa za aina mbili, akanipigia simu kuuliza kabla hajampa. Kwa kweli nilitetemeka!

Kijana mwenzangu, nyumbani kwetu mara nyingi sisi ndio tunaowaandikia wazee meseji. Basi leo tujifunze kuandika vizuri kwenye simu ya kugusa.

KWA NINI TUNAKOSEA?

Kidole ni kipana kuliko herufi. Ukigusa kioo, simu hukadiria katikati ya sehemu iliyoguswa. Ukigusa pembeni kidogo, inaingia herufi ya jirani. Na kidole chenyewe kinaifunika herufi unayoitafuta!

Halafu kioo hutambua kidole kwa umeme mdogo sana. Maji nayo huuvuruga umeme huo. Ndiyo maana wakati wa mvua, au ukitoka kuosha vyombo, simu inaandika mambo yake.

Tena, mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine za chapa zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874. Ulitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Sisi herufi q na x hatuzihitaji, lakini a tunayoitumia kila mara imewekwa ukingoni kabisa. Kama kava la simu yako ni nene, kidole hakiifikii vizuri.

MAJIRANI WA HATARI

Angalia kibodi yako:
- d na s: "dawa" inakuwa "sawa".
- h na j: "hana homa" inakuwa "jana homa".
- n na m: "ntakuja" inakuwa "mtakuja".

Kiswahili hubeba mambo mengi mwanzoni mwa neno: nani anafanya, na kama anafanya au hafanyi. Herufi moja ikipotea, "hapana" inageuka "ndiyo".

UFANYE NINI?

1. Kausha mikono, futa kioo. Kaa chini au simama. Usiandike ukitembea.

2. Tumia vidole gumba viwili, na uguse katikati ya herufi. Kama herufi ni ndogo mno, laza simu kwa ubavu ili kibodi itanuke.

3. Punguza haraka. Zoea kwanza kupatia, kasi itakuja yenyewe.

4. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, uchague lugha ya Kiswahili. Kibodi iliyopangwa kwa Kiingereza hubadilisha maneno yetu bila kutuuliza. Kama Kiswahili hakipo, zima ule usahihishaji wa simu yenyewe.

5. Usiiamini simu kupita kiasi. "Atakunywa" na "hatakunywa" yote ni maneno sahihi. Simu haijui ulitaka lipi. Wewe ndiye unayejua.

6. Namba ziandike pia kwa maneno. Badala ya "2x3", andika "vidonge 2 (viwili), mara 3 (tatu) kwa siku". Ukigusa 2 mara mbili kwa bahati mbaya, inakuwa 22!

7. Kabla ya kutuma, soma meseji kwa sauti. Mambo ya dawa, soma mara mbili, kisha mwombe unayemtumia akurudishie alichoelewa. Ikiwezekana, piga simu kabisa.

ZOEZI

Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo zoezi hili ni la likizo. Kama simu ni ya mama, omba ruhusa kwanza.

Andika sentensi hii mara 5, bila kuituma kwa mtu: "Mtoto hana homa, hatapiki, na dawa ya usiku hajanywa." Usisahihishe. Hesabu makosa na uandike kwenye daftari ni herufi zipi zilizokusumbua. Rudia kila siku kwa wiki moja, dakika 5 tu. Ukiona kosa ni lile lile, basi umeshamjua adui yako: ukifika kwenye herufi hiyo, punguza mwendo.

JADILIANENI

- Je, umewahi kutuma meseji iliyoeleweka vibaya? Nini kilitokea?
- Tafuteni maneno mengine matano ambayo herufi moja inageuza maana yake.
- Nani nyumbani kwako anategemea meseji zako kuhusu dawa?

Mimi siku hizi, kabla sijatuma, naangalia kwanza ile h. Na wewe je?