Mzazi wa Gredi ya 7 hadi 9: soma hii kabla ya kutuma pesa ya shule

Mzazi wetu wa Nyaramba, pesa ya ndizi au ya majani chai ikiingia kwa simu, usiharakishe kuituma. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, serikali iliweka mgao wa shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma. Kwa hivyo shule ikikuitisha pesa, uliza kwanza: ni ya nini?

Ukilipa:

1. Tumia Paybill iliyo kwenye barua ya shule, si nambari ya mtu binafsi.
2. Kwenye akaunti, weka nambari ya usajili ya mtoto vile imeandikwa. Ukikosea, pesa inaweza kufika shuleni na mtoto bado aonekane hajalipiwa.
3. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha malipo.
4. Usifute SMS. Ndiyo risiti yako.

Na ukipigiwa, "Mtoto wako ameanguka, tuma pesa ya hospitali sasa hivi"? Kata simu. Mpigie mwalimu wa darasa kwa nambari uliyopewa shuleni, si ile iliyokupigia. Tapeli anataka utume kabla hujauliza.

Nanyi wanafunzi, PIN ya mzazi si ya kuambiana darasani. Ukiwa na shida, mwombe mwalimu apige nyumbani.

SMS ya utapeli ikikufikia kwenye laini ya Safaricom, itume kwa 333. Hulipi chochote.