Kazi ya kusude: tujifunze namna gani?



Safari hii tumechagua somo juu ya kazi ya kusude, ni kusema kuunganisha chuma na chuma kwa moto wa umeme. Wengi kati yetu wanaokaribia kumaliza wanajiuliza watafanya nini, na kazi hii iko mbele ya macho kila siku: mulango wa nyumba, vyuma vya madirisha, kibebeo cha pikipiki kinachotoa kakao shambani, mashini ya kukoboa muchele ikivunjika muguu. Vyote vinapita mukononi mwa fundi wa kusude.

Wazazi wengine wanazani shule ya ufundi ni ya mutoto aliyeshindwa na masomo. Sisi hatukubali hata kidogo. Muangalie kazi yenyewe.

Fundi anafunga waya mumoja kwenye chuma, na waya wa pili unashika bageti. Akigusisha ncha ya bageti na kuiinua kidogo, umeme unaruka katikati na kuzaa moto wa digrii zaidi ya 3,000. Chuma kinayeyuka kwa digrii karibu 1,500, basi kinageuka maji mara moja, na bageti inayeyuka ndani yake. Ule unga uliopakwa juu ya bageti si wa uzuri. Ukiungua unatoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kingali maji, kiisha unaganda juu kama gamba. Fundi asiyepiga gamba hilo na nyundo mpaka litoke, akapitisha mustari wa pili juu yake, anafungia uchafu ndani. Kwa macho kiungo ni kizuri, kumbe ndani ni zaifu.

Bageti ya milimeta 2.5 inaomba karibu ampere 60 mpaka 90. Ile ya 3.2 inaomba 90 mpaka 130. Zikipungua bageti inanata, zikizidi inatoboa bati. Na somo la fizika linasema nini? Umeme ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya linaongezeka mara nne. Transfo nyingi za atelie za kwetu zimezungushiwa waya na mafundi wenyewe kwa mukono. Ni akili kubwa, tunawapa heshima. Lakini mwenye kujua ile hesabu hataweka waya mwembamba na kushangaa ukiungua.

Kwa jirani zetu, tangu Hoima katika Uganda mpaka Tanga kule Tanzania, kuna kazi ya bomba la petroli la kilometa 1,443, iliyoamuliwa mwaka 2022. Kila kipande cha bomba kina meta 18. Mugawanye wenyewe: ni viungo zaidi ya 80,000. Kwa mabomba ya namna hii kiungo hakipimwi kwa macho, kinapigwa picha kama daktari anavyopiga mufupa, na fundi mwenyewe anapita mutihani mbele ya kukubaliwa. Hapo neno «nimezoea» halitoshi.

Sasa habari ya afya, na hapa tutakaa kidogo, sababu vijana wanaharibika bure. Mwangaza wa kusude unachoma macho bila mutu kusikia kitu. Saa nyingi zinapita, kisha katikati ya usiku macho yanauma kama yamejaa muchanga. Miwani ya jua haizuii. Shurti maski yenye kioo cheusi cha kazi. Hata wewe unayesimama njiani kuangalia ukitoka shule, unachomwa vilevile.

Bati lenye zenki, likichomwa, linatoa moshi mweupe. Fundi aliyeuvuta anaweza kushikwa jioni na homa na baridi, kama malaria kabisa. Sisi wa upande wa Mangina, ambako Ebola ilionekana na kutangazwa tarehe 1 Agosti 2018, tunajua homa si kitu cha kubahatisha: uende kwa muganga, na umuambie mchana ulifanya kazi gani. Wengine wanakunywa maziwa ili yasafishe mapafu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaenda tumboni. Kinachosaidia mapafu ni kufanya kazi pahali hewa inapita. Na tangi la esansi, au pipa lililokuwa na mafuta, hata likionekana tupu, usilisude: mvuke uliobaki unalipuka.

Basi tujifunzie wapi? Kwa serikali kuna INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa kutayarisha watu kwa kazi. Katika Kenya, baraza la makanisa liliuliza mwaka 1966 watoto wanaomaliza shule wanaenda wapi, na kutoka hapo zikazaliwa shule ndogo za ufundi katika vijiji, za bei ndogo, karibu na nyumba ya mutoto. Mawazo haya yanatufaa sana. Toka Mangina mpaka Beni ni kilometa karibu 30 tu, lakini feza ya kulala na kula muji mugeni, pamoja na usalama wa njia, vinashinda wazazi wengi. Ndiyo maana wengi wanaingia atelie ya pembeni ya barabara, na wanakaa miezi wakishika chuma cha mwingine tu.

Atelie si mbaya, kama fundi anafundisha. Mbele ya kulipa makuta yoyote, hapo ao kwenye shule, muulize: kwa juma moja mwanafunzi anachoma bageti ngapi kwa mukono wake mwenyewe? Kiungo chake kinakatwa ili aone ndani? Mwisho anapewa breve gani, na nani anaitambua? Tena muhesabu maski zilizotundikwa ukutani, muhesabu na wanafunzi.

Mwenye kutaka kujua zaidi juu ya ile hesabu ya joto na waya, amuone mwalimu wa fizika.