SOMO LA MWEZI: UONGOZI WA CHAMA HUPIMWA SIKU MWENYEKITI HAYUPO



Ukienda kununua ng'ombe wa maziwa hutazami pembe zake tu. Wauliza anatoa lita ngapi, amezaa mara ngapi, na kiwele chake kina afya au la. Lakini siku ya mkutano mkuu wa chama cha ushirika, wengi wetu humchagua mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake kubwa, au kwa sababu ni wa ukoo wetu. Mwezi huu tujifunze kumtazama kiongozi vizuri kama tunavyomtazama ng'ombe.

Mpango wa makazi wa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima waliopewa mashamba walifanya vyama vya ushirika ili kuuza maziwa na pareto yao, na kulipa mikopo ya ardhi. Chama ni biashara, na wenye biashara ni nyinyi wanachama. Kikiendeshwa vibaya, hasara haimpati mwenyekiti peke yake. Yakatwa katika malipo yako ya maziwa mwisho wa mwezi.

NAMNA TATU ZA KUONGOZA

Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, wataalamu watatu, Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, waliijaribu habari hii. Walichukua makundi madogo ya wavulana wa miaka kama kumi, wakawapa kazi za mikono, na kila kundi likawekewa kiongozi mtu mzima. Viongozi hao waliongoza kwa namna tatu. Sisi tutazipa majina yetu.

1. Kiongozi wa "Nimesema". Huamua kila jambo mwenyewe. Watu hawajui kazi ya kesho mpaka awaambie.

2. Kiongozi wa "Shauri yenu". Huwaachia watu wafanye wapendavyo. Haongozi, haulizi, hakagui.

3. Kiongozi wa "Tushauriane". Huwaeleza watu kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, husikiliza maoni yao, kisha hugawa kazi, na kila mtu hujua sehemu yake.

Walionaje? Kundi la "Shauri yenu" lilifanya kazi kidogo, na mbaya. Wavulana watiifu wa "Nimesema" walifanya kazi nyingi kuliko wote, karibu robo tatu ya wakati wao, maadamu kiongozi alikuwa amesimama pale. Alipotoka nje, kazi ilishuka ikawa chini ya theluthi moja ya wakati. Paka akiondoka, panya hutawala. Lakini kundi la "Tushauriane", lililofanya kazi kama nusu ya wakati, liliendelea karibu vile vile hata kiongozi alipokuwa nje.

Hao walikuwa watoto, na sisi ni watu wazima. Hata hivyo tuangalie kama jambo hili halitokei kwetu.

HASARA YA SIKU MOJA

Tuseme mwenyekiti wenu ni mtu hodari wa "Nimesema". Yeye ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha tangi la kupozea maziwa, na yeye ndiye anayeagiza lori. Siku moja anapelekwa hospitali ghafula. Asubuhi wanachama 200 wanaleta lita 10 kila mmoja. Chumba kimefungwa, lori halikuagizwa, na karani anaogopa kuvunja kufuli bila amri. Kufika jioni lita 2,000 zimechacha. Kwa bei ya shilingi 45 kwa lita, ni shilingi 90,000 zimemwagwa. Mwenyekiti hakuiba hata senti moja. Kosa lake ni kwamba hakumfundisha mtu mwingine kazi, wala hakumpa mtu mwingine ruhusa.

KILA KAZI NA NAMNA YAKE

Usidhani kwamba kushauriana ni kubishana juu ya kila kitu. Maziwa hayangoji mkutano. Mpokeaji maziwa akipima na kuona yametiwa maji, ayakatae pale pale, hata yakiwa ya mwenyekiti. Hapo yatakiwa amri moja, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Fundi stadi wa mashine naye aachwe afanye kazi yake, kisha ikaguliwe. Lakini kukata pesa za wanachama, kukopa, kununua lori au kuajiri meneja ni mambo ya kushauriana. Kiongozi mwema hujua tofauti hiyo.

ULIZA KABLA YA KUPIGA KURA

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka halmashauri ya watu wasiopungua watano wala kuzidi tisa. Haikuweka mtu mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuinua mkono, uliza haya:

(a) Mwenyekiti asipokuwapo, nani anashika ufunguo na nani anaagiza lori?
(b) Hesabu zilizokaguliwa zilisomwa mbele ya wanachama kwa maneno tunayoyafahamu?
(c) Mwanachama akiuliza swali gumu, hujibiwa au hunyamazishwa?
(d) Karani na mpokeaji maziwa wanajua kazi yao bila kungoja kuambiwa kila asubuhi?

Ukipata majibu mazuri, mrudishe kiongozi huyo. Ukipata majibu mabaya, usinung'unike njiani wakati wa kurudi nyumbani. Simama mkutanoni useme, kwa adabu na kwa hesabu mkononi. Mwanachama anayenyamaza mwaka mzima naye ameongoza chama kwa namna ya "Shauri yenu".