Darubini ya kwanza ukiwa karibu na ikweta

Maelekezo mengi yanayokuja na darubini yameandikwa na watu wanaokaa mbali na ikweta. Ukurasa wa mwanzo tu unaambiwa uelekeze kitako kwenye Nyota ya Kaskazini. Huku Kaniha, mkoani Kagera, tuko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo hata ukipanda mnara wa simu huioni. Kwa hiyo achana na kile kitako chenye vizito na mhimili wa kuinamisha. Vingi vya bei nafuu havilali kiasi kinachotakiwa huku, na ukivilazimisha kizito kinagonga mguu. Chukua kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi.

Darubini yangu ina lenzi ya upana wa milimita 70 na urefu fokasi wa milimita 700. Boksi linajigamba kwamba inakuza mara 525. Maneno ya sokoni hayo. Gawanya urefu fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho: lenzi ya milimita 25 inakupa mara 28, ya 10 inakupa mara 70. Kwa darubini ya upana huu, ukishapita mara 140 hivi unakuza ukungu tu.

Kazi ya kwanza ifanye mchana. Ile darubini ndogo ya kulengea lazima itazame palepale inapotazama kubwa. Mimi hulenga ncha ya mnara ulio mbali, nikaiweka katikati kwa lenzi ya 25, kisha nikazungusha skrubu za ile ndogo hadi zote mbili zikubaliane. Mnara ukionekana umepinduka, usihangaike. Angani hakuna juu wala chini.

Jua liwe mgongoni mwako wakati wote huo, maana kulitazama kwa darubini hupofusha papo hapo. Tarehe 3 Novemba 2013, Jua lilipofunikwa kabisa kule Pakwach, Uganda, na huku Kagera likamegwa, wengi walitazama kwa vioo vya kubahatisha. Kwa darubini usijaribu. Kichujio kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kinaweza kupasuka kwa joto, kitupe. Kinachofaa ni kile kinachofunika mdomo wa mbele.

Jioni itoe darubini nje kama nusu saa kabla ya kutazama. Nyumba ya bati huhifadhi joto, na hewa ya moto ndani ya bomba huchezesha picha. Juni hadi Agosti mawingu ni machache, ila moshi wa nyasi zinazochomwa unaudhi. Mimi napenda zaidi usiku unaofuata mvua za kwanza, hewa ikiwa imeoshwa.

Anza na Mwezi, lakini usiwe mpevu, kwani mwanga wake hufuta vivuli vyote. Utazame ukiwa nusu, pale mwanga unapopakana na giza, uone milima na mashimo. Huku Mwezi mchanga hulala kama mtumbwi, tofauti na picha za vitabuni, kwa hiyo mstari huo utaukuta umelala pia. Kisha nenda Mshtarii na miezi yake minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Zohali inataka subira: pete zake zilitugeuzia ukingo Machi 2025, na zitaendelea kupanuka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Kwa lenzi ya 10, sayari itavuka duara lote la kuonea kwa muda usiofika dakika 3, kwa sababu Dunia inazunguka. Itafute kwa 25, iweke ukingoni inakotokea, ndipo ubadilishe. Ikiwa utosini, na huku sayari hupita utosini mara nyingi, bomba litagonga miguu na shingo itauma. Ingoje ishuke kidogo.

Mei na Juni, geukia Msalaba wa Kusini. Katika zile nyota mbili angavu jirani yake, iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri. Kwa mara 70 inagawanyika kuwa nyota mbili, na hiyo ndiyo ninayowaonyesha wageni kwanza. Programu ya Stellarium kwenye simu itakuonyesha ilipo hata bila bando.

Wageni wakija, waambie waweke mikono nyuma, la sivyo kila mtoto atashika bomba na utaanza kutafuta upya. Lenzi usiifute kwa kanga. Masika ikianza, ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana kuvu ikishaota kwenye kioo haitoki kirahisi.