Shimo la Bamburi: funzo kwa mameneja

Mameneja wengi huyaweka mazingira katika fungu la hisani, yaani jambo la kufanywa mwaka wa faida na kukatwa mwaka wa hasara. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kinatoa funzo tofauti.

Kiwanda hicho kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya chokaa ya matumbawe, na baada ya miaka 17 kilikuwa kimeacha shimo jeupe lisiloota hata jani. Mwaka 1971 kazi ya kulifufua alikabidhiwa Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizoishi ni tatu tu, na mvinje ndio uliostawi zaidi. Lakini majani yake hayakuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Haller akaleta majongoo, nao wakayala na kuyageuza mbolea. (Si kila siku jongoo huingia katika mipango ya kiwanda!)

Kwa mfanyabiashara, la kuangalia zaidi ni utaratibu. Kazi hii haikuachiwa ofisi ya uhusiano. Iliundwa kampuni tanzu, Baobab Farm, ikafuga samaki na kuuza miti, na mwaka 1984 eneo likafunguliwa kwa wageni wanaolipa kiingilio. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ilikuja mwaka 1999, miaka 28 baada ya mche wa kwanza.

Hata hivyo, msitu haufuti moshi. Hewa ya kaboni hutoka kwenye mafuta yanayochomwa tanurini, na zaidi kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapookwa. Hapo dawa ni kupunguza klinka katika kila mfuko kwa kuchanganya majivu ya volkano, na uamuzi huo ni wa bodi, si wa bwana miti.

Desemba 2024 Amsons Group ya Tanzania ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Bamburi. Katika ununuzi wa namna hiyo, shimo lisilofufuliwa huhesabiwa upande wa madeni. Kampuni ya machimbo isiyotaka kufikishwa hapo itenge kiasi fulani kwa kila tani, tangu tani ya kwanza, na kiasi hicho kiingizwe katika gharama za uzalishaji kabla gawio halijatangazwa.